Nyuzi Alizolegeza Nzioki

Mwaka nilioanza kuimba, watu walikula mahindi ya njano. Yalikuja na lori, tukapanga foleni kwa chifu, na hata ukiyatwanga vizuri ukapika muthokoi, yale mahindi yetu yaliyotolewa maganda tunayochemsha na maharagwe, sufuria ilinuka ghala. Wazee walisema hicho ni chakula cha ng'ombe wa wazungu. Walisema hivyo huku wakiomba waongezwe. Hapa Nuu, ukimuuliza mtu wa rika langu mtoto wake wa kwanza alizaliwa lini, atakuambia kabla ya njano au baada ya njano. Mimi nilianza kuimba katikati ya njano yenyewe, tumbo tupu, na msidhani tumbo tupu lilinisaidia. Njaa haisaidii sauti. Anayewaambia kwamba mwanamuziki lazima ateseke, huyo ameshiba.

Nawaandikia nyinyi mliobaki na bendi. Siku yangu ya mwisho pale Kitui mlinikasirikia. Mlitaka watu waisikie ile sauti yangu ya kwanza mara moja tu, njia mlikuwa nayo, na mimi nikaifunga. Musyoki, anayepiga besi na ndiye mkubwa wenu sasa, mpaka leo akinisalimia anaangalia viatu. Siombi msamaha. Nataka mjue ile sauti ilienda wapi, halafu mtaelewa kwa nini nilisema nilichosema. Nyinyi pia mna koo. Sauti yenu pia itaenda.

Shule niliachia darasa la tano. Kazi yangu ikawa punda. Mto wetu miezi mingi hauna maji juu. Maji yako chini ya mchanga, unachimba, unaingia ndani ya shimo, unachota na kibuyu. Ukiwa huko chini humwoni punda, na punda wa Nuu hana adabu. Basi nilikuwa namwita kutoka ndani ya shimo. Sauti inayotoka shimoni lazima ipande kwanza ndipo iende mbele. Hakuna mwalimu aliyenifundisha hivyo. Ni punda.

Jumapili moja bendi ilikuja kupiga bugi, dansi la mchana, karibu na soko. Jenereta ikachemka ikazima. Mwenye bendi, Nzioki, akashuka mtoni na debe kutafuta maji ya kuipoza, akanikuta.

"Wewe msichana, unamwita nani?"

"Punda."

"Yuko wapi?"

"Ng'ambo, kwa shamba la watu."

"Hawezi kusikia. Ni mbali."

"Ngoja."

Punda akaja, masikio yamelala, anajua amekosa. Nzioki akamtazama yule punda kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Halafu akasema, "Basi njoo uniitie watu. Wameanza kurudi makwao."

Hiyo ndiyo ilikuwa interviu yangu.

Nzioki alikuwa amefanya kazi ya jikoni kwenye kambi ya jeshi, na huko akasikia roki kwenye kaseti za wakubwa. Akarudi nyumbani na jambo moja kichwani: kwamba Kikamba nacho kinaweza kupigwa namna hiyo. Vifaa hakuwa navyo. Alichukua sindano ya kushonea magunia akatoboa karatasi ya spika kwa makusudi, tundu baada ya tundu, mpaka gitaa likatoka limekwaruzwa kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Watu wa kanisa walisema ni shetani. Nzioki akasema shetani angekuwa na spika nzima.

Siku ya kwanza sikuisikia sauti yangu hata kidogo. Spika zote zilitazama watu, hakuna iliyotutazama sisi. Nikapiga kelele mpaka nikaonja damu. Aliponiona natema, akanivuta kando.

"Usishindane na gitaa," akasema. "Gitaa lina umeme. Wewe una uji."

"Nifanye nini sasa?"

"Pita juu yake. Unavyomwita punda. Huwa unashindana na mto?"

Nikapita juu. Jamani, ilikuwa sauti. Sijisifu, au najisifu, mtu akistaafu ana ruhusa. Ilikuwa nyembamba na kali kama sindano ile ya magunia. Katika ule wimbo wetu wa mvua, mnaoujua wote, mwishoni kuna mahali inapanda, inasimama, halafu inapanda tena wakati watu wanadhani imefika. Nilikuwa nafika pale bila kushika kitu. Nilihisi kama mtu amenifungua utosi na upepo unapita. Mengi ya maisha yangu nimeyasahau, sura za watu, hata uchungu wa kuzaa. Ule upepo sijausahau, na mpaka leo nikisikia wimbo ule mwili unajiandaa, mabega yanashuka, mbavu zinafunguka, na hakuna kinachokuja.

Tulienda Nairobi kurekodi. Njiani nilipata mafua, nikafika studio nikiwa na sauti ya chura. Fundi wa mitambo, bwana mwenye haraka, akasema hakuna shida, kuna msichana hapo nje anaimba vizuri, ataimba ile sehemu ya juu, picha na jina vitabaki vyangu. "Wewe simama tu hapo, ufungue mdomo tupige picha. Nani atajua?"

Nikamwambia, "Sifungui mdomo kama sauti si yangu."

Msisome hapo mkasema nilikuwa mtu wa maana. Nilikuwa mtoto mwenye kiburi. Sauti ya kutosha nilikuwa nayo, ilikuwa imelala tu na mafua, na kukataa hakukuniuma popote. Nzioki alicheka mpaka akashika ukuta. Akanitafutia tangawizi, tukangoja kwa binamu yake mpaka koo likafunguka, tukarekodi. Kaseti ile ndiyo iliyotupeleka kila mahali, mjini Wote, Kibwezi, Mwingi, mpaka vijiji visivyokuwa na barabara bali alama za magurudumu tu.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo sauti inaanza kuondoka, na haiondoki kwa kishindo. Nilipozaa mtoto wa kwanza ilinenepa kidogo, kama mimi. Nikafurahi, nilidhani imekomaa. Nilipozaa wa pili ikawa inachelewa kuamka. Asubuhi naongea kama mwanamume hadi chai ya pili. Nilijaribu kila kitu. Asali ya Mwingi ni tamu, lakini inapita njia ya chakula, kamba za sauti haziionji. Maji ya uvuguvugu yanasaidia. Kunyamaza kunasaidia zaidi, na ndiyo dawa ambayo mwanamke mwenye watoto hawezi kuipata. Msikohoe kohoe kusafisha koo, mezeni mate. Na msiongee mkishindana na jenereta. Jenereta imeua sauti nyingi kuliko pombe.

Tseikuru ndiko nilikovunjika mara ya kwanza mbele ya watu. Tulipiga siku ya mnada wa mifugo, vumbi la mbuzi limesimama hewani kama ukuta. Katika wimbo wa mvua, nikapanda, nikafika pale pa kusimama, na nilipotaka kupanda tena sauti ikapasuka mara mbili kama kuni mbichi. Nikamaliza na kilichobaki, mkwaruzo mtupu. Nilitamani ardhi inimeze. Wakati tunapakia vyombo, mchungaji mmoja akaja na fimbo yake, mzee mrefu, akasema, "Mama, mwaka ule mwingine uliimba kama ndege. Leo umeimba kama mtu." Akaondoka zake. Nililia kwenye lori. Nzioki alidhani nimetukanwa akataka kushuka amfuate.

Baada ya hapo mambo yakawa rahisi, na mimi sikujiuliza kwa nini. Kila mwaka nilikuwa nafika juu. Ndiyo, sauti ilikuwa nzito, ilikuwa na mchanga ndani, lakini nilifika. Niliwaambia wanawake wenzangu, "Mimi umri haunigusi hapa," nashika koo. Nzioki alikuwa akikaza nyuzi za gitaa akiwa amenipa mgongo. Alianza kununua nyuzi nene. Nikamuuliza za nini, akasema nyembamba zinamkata vidole, amezeeka. Nikamwonea huruma! Nilimletea mafuta ya mgando apake.

Halafu akaja Kyalo na kinanda. Nyinyi mnamjua Kyalo, mpole, ametoka kwaya ya kanisa, hasemi uongo hata wa kusaidia. Siku ya kwanza ya mazoezi tulikuwa mjini Wote, chumba cha nyuma ya duka la mbao. Tukaanza wimbo wa mvua. Gitaa likaenda kwake, kinanda kikaenda kwake, ikawa kama watu wawili wanagombana ndani ya nyumba moja.

Kyalo akasimamisha. "Mzee, pole. Gitaa lako liko chini."

"Kinanda chako ndicho kiko juu," Nzioki akasema.

"Kinanda hakipandi, mzee. Kimetoka kiwandani hivi. Gitaa liko chini sana, si kidogo. Na besi pia."

Musyoki, wakati huo bado kijana wa besi, akaanza kutazama dari. Ndipo nilipojua kwamba wote walijua.

Nikawaambia watoke nje. Tukabaki mimi na Nzioki na harufu ya mbao.

"Tangu lini?"

"Tangu Tseikuru."

"Kila mwaka?"

"Si kila mwaka. Ukichoka." Alikuwa anafuta gitaa na kitambaa, mahali pasipo na uchafu. "Nalegeza nyuzi, nashusha kidogo tu. Unakuja na kidogo chako, nakutana na wewe hapo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeogopa. Na mtu akiogopa anabana koo. Sasa ningekukosa kabisa."

"Wewe ni mjinga, Nzioki."

"Najua. Na nyuzi nene, za kushika chini huko, ni ghali."

Nyinyi mmeimba mapenzi mengi kwenye maiki, waridi, mwezi, moyo. Mimi sijui mengine. Najua kuna mtu alitembea kinyumenyume mbele yangu miaka yote ile ili nisijue nimepunguza mwendo. Mume nilikuwa naye, mtu mzuri, na Nzioki alikuwa na mke wake, na hakuna lolote mnalolifikiria sasa hivi lililotokea. Lakini siku alipozikwa, wakati wengine wanaimba nyimbo za kanisa, mimi nilikuwa natafuta lile gitaa kwa masikio. Nilitamani mtu alipige kidogo tu, chini kule alikoniwekea. Sikuthubutu kusema. Gitaa akaniachia. Sikumruhusu mtu azikaze nyuzi.

Sasa nije kwa Mumbua.

Mimi ni Mumbua. Mwanangu wa kiume alipozaa msichana wa kwanza alimpa jina langu, kama tunavyofanya, na tangu siku hiyo anamwita mwaitu, yaani mama yetu. Anaweza kumkemea mtoto wa miaka minne, "Mwaitu, shuka kwenye meza!" na mimi nikiwa pale nashtuka kwenye kiti. Kwetu si mzaha. Mtoto akipewa jina lako, wewe umeanza tena. Mimi nilichukua hayo kama watu wengine wanavyochukua, maneno matamu ya kumfurahisha nyanya. Mpaka siku moja niko ndani napepeta kunde, nikasikia kaseti yangu ikiimba nje. Nikakasirika, nani amewasha redio yangu? Nikatoka. Hakukuwa na redio. Mumbua, sasa msichana mkubwa, alikuwa anaanika nguo, na ile sauti ilikuwa inamtoka, nyembamba, kali, inapanda, inasimama, inapanda tena. Aliponiona akanyamaza.

"Susu, nimekosea?" Susu ndiyo nyanya kwetu.

"Endelea," nikamwambia. "Una kelele tu."

Nikarudi ndani nikakaa chini na ungo mapajani, kunde zote zimemwagika. Huyo ndiye mjukuu wangu. Mwambieni yeyote mnayekutana naye.

Ndiyo hii sasa siku ya Kitui. Redio ilikuwa imetangaza wiki nzima: Mumbua anaaga, Mumbua ataimba wimbo wa mvua kama ulivyokuwa. Uwanja ukajaa mchana kweupe. Hata mke wa pasta wetu alikuwa nje ya ua wa mabati, alisema alikuwa anapita tu. Alipita pale tangu bendi ya kwanza hadi ya mwisho. Sisi tuko nyuma ya lori, navaa viatu, Musyoki akachuchumaa mbele yangu.

"Mama, ule wimbo wa mvua. Watu wanautaka juu. Ukishushwa chini kule unakuwa uji uliopoa."

"Nitauimba chini. Ndiko niliko."

"Tumefikiria hivi. Mumbua mdogo atakaa nyuma ya spika na maiki yake. Wewe utasimama mbele. Yeye anaimba, wewe unafungua mdomo. Hawatajua."

"Huo ni uongo, Musyoki."

Akatabasamu, alikuwa amelingojea neno hilo. "Uongo uko wapi, mama? Redio imesema Mumbua ataimba. Na Mumbua ataimba. Wewe ni Mumbua, yeye ni Mumbua. Baba yake mwenyewe anamwita mwaitu. Kwa mila zetu, hiyo sauti ni yako."

Mkacheka wote, kwa sababu alikuwa amenibana vizuri. Hamkujua alivyonibana. Kwa sababu kwa kweli nilitaka. Nilitaka sana, mpaka mate yakanijaa mdomoni kama mtu mwenye njaa ya mahindi ya njano. Kusimama pale, mbavu wazi, na ile sauti itoke mahali niliposimama, watu wanitazame mimi. Mara moja tu kabla sijafa. Nani angeumia?

Nikamwangalia Mumbua. Alikuwa amekaa kwenye sanduku la nyaya, amevaa gauni alilolishona kwa ajili ya siku ile, na alikuwa tayari amelikunja kwenye magoti ili lisichafuke na grisi kule nyuma ya spika. Alikuwa amekubali. Kwa ajili yangu angeimba gizani maisha yake yote na kuliita hilo heshima.

Nikamkumbuka Nzioki. Mtasema naye alinidanganya. Ndiyo. Lakini Nzioki alishusha gitaa, hakunipandisha mimi juu ya mgongo wa mtu. Kila nilichoimba miaka ile, kikiwa chini, kikiwa na mchanga, kilitoka hapa. Yule mchungaji wa Tseikuru alisikia mtu.

"Sifungui mdomo kama sauti si yangu," nikamwambia Musyoki.

"Mama, lakini mila…"

"Mila ilimpa jina. Sauti alikuja nayo mwenyewe."

Akainuka, akaangalia viatu. Ndiyo bado anaviangalia.

Nikaimba nyimbo zote chini, na gitaa la Nzioki chini pamoja nami. Watu walicheza. Wengine walinong'onezana, niliona, susu ameisha. Sawa. Wimbo wa mvua ulipofika, nikamwambia Kyalo, ambaye siku hizi anapiga hata gitaa, akaze nyuzi mpaka zilikokuwa zamani. Aliogopa. "Mama, hizi ni nene, zitakatika." Nikamwambia akaze. Akawa anazungusha, nazo zinalia zikipanda. Nilisikia Nzioki akirudi nyuma mwaka baada ya mwaka, Wote, Tseikuru, Nairobi, mpaka pale mtoni na debe mkononi. Uzi mmoja ukakatika. Mwingine ukashika. Ukatosha.

Nikamshika Mumbua mkono nikamleta mbele, nikampa maiki, nikasimama kando yake.

Akapita juu ya gitaa kana kwamba halipo. Alipofika pale pa kusimama, mabega yangu yakashuka yenyewe, mbavu zikafunguka, utosi ukangoja. Watu wakaanza kupiga kelele, "Na susu aimbe! Susu! Susu!" Macho yalinijaa. Ile sauti ilikuwa karibu sana nami, kiasi cha mkono, na ingenitosha kutenganisha midomo.

Mumbua akaniona. Gitaa lilipochukua nafasi, kabla ya kule kupanda kwa mwisho, akaficha maiki kifuani akaniinamia sikioni, jasho lake likanigusa shavu.

"Susu, fungua tu. Imba na mimi. Hakuna atakayejua ni ya nani."

"Sifungui mdomo kama sauti si yangu."